Namna ya kukamata makosa ya Kiswahili kwenye gazeti na kuyafikisha kwa mhariri

Mwongozo huu ni wa msomaji wa kawaida tu, yule anayenunua gazeti pale Ngamiani, Tanga mjini, au analisoma la kuazima kijiweni, alafu kila akifungua ukurasa anakutana na "kuhairisha" na "tafadhari" roho inamuuma. Wengi wanaishia kucheka, wanapiga picha wanarusha kwenye magrupu, imeisha hapo. Mi nataka tuyakamate kwa utaratibu, tujue lipi kubwa lipi dogo na lipi si kosa kabisa, na yale makubwa yamfikie mtu mwenye uwezo wa kuyarekebisha. Mifano yote humu nimeitunga kwa kufuata aina za makosa zinazojirudia, sitaji gazeti la mtu.

Na kabla hujaniuliza mbona we mwenyewe unaandika "alafu", huku tunapiga stori bwana, hakuna aliyelipia. Gazeti linauzwa, na mtoto wa darasa la tano anaamini kila kilichochapwa pale ndo Kiswahili chenyewe.

Utahitaji gazeti la karatasi (kwenye simu macho yanateleza), kalamu ya rangi, daftari, na kamusi au njia ya kuifikia. Kama huna kamusi nyumbani nenda maktaba ya mkoa hapa mjini, wala huombwi sababu.

HATUA YA KWANZA: LISOME KWA SAUTI

Hii ndo hatua inayorukwa na ndo yenye faida kuliko zote. Jicho lina tabia ya kurekebisha kosa bila kukwambia, limeshajua neno linalokuja so linapita tu, sikio halina huruma hiyo. Na sisi watu wa Tanga tuna bahati moja ambayo mhariri wa Dar aliyekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi mara nyingi hana, mdomo wa huku bado unatenganisha dh na z, th na s, gh na g bila kufikiria. Mzee wa Makorora ukimsomea "mshtakiwa amepewa zamana" atakukata kabla hujafika nukta, hajui kanuni yoyote ya tahajia ila sikio lake linajua.

Kwa hiyo tafuta mwenzio. Mmoja anasoma taratibu, neno kwa neno kama lilivyoandikwa na sio kama anavyodhani limeandikwa, mwingine anasikiliza kalamu mkononi. Kila sikio likigoma piga duara, msibishane kwanza, endeleeni. Kubishana kuna hatua yake huko mbele. Ukurasa mmoja unatosha kwa siku, ukitaka kumaliza gazeti zima utachoka na utaanza kuona makosa yasiyokuwepo.

HATUA YA PILI: ANZA NA YANAYOBADILISHA MAANA

Sasa rudi kwenye maduara yako. Swali la kwanza kwa kila duara ni hili: mtu akisoma hivi ataelewa kitu kingine? Maana "shuguli" badala ya shughuli ni aibu tu, kila mtu ameelewa. Lakini tazama hizi.

"Waziri kudhuru Pangani kesho." Alitakiwa kuzuru, yani kutembelea. Hapa watu wa Pangani wajifungie ndani.

"Wanawake Korogwe waazimisha siku yao." Kuadhimisha ni kufanya sherehe ya kumbukumbu, kuazimisha ni kumpa mtu kitu kwa muda atarudisha. Wameiazimisha kwa nani hiyo siku?

"Shule yapokea thamani za shilingi milioni 20." Meza na viti ni samani, thamani ni bei au ubora wa kitu. Na hapa sentensi inakuwa ngumu zaidi kwa sababu pesa imetajwa palepale, msomaji anaweza asishtuke kabisa, ndo maana nasema soma kwa sauti.

"Ajali ilitokea mahari hapo." Mahari wanatoa wenye kuoa. Nyingine ya ukoo huohuo ni "wananchi wapiga kula", hiyo kila msimu wa uchaguzi lazima uikute, na "vijana waliojiajili". Ajili ni sababu, kama kwenye kwa ajili ya, na anayejipa kazi amejiajiri.

Hizi za l na r watu wanazichekea sana huku pwani na mi sipendi kicheko hicho. Lugha nyingi za Kibantu hazina sauti hizo mbili kama vitu viwili tofauti, mtu aliyelelewa kwenye lugha hiyo anasikia kitu kimoja, so anapoandika anabahatisha. Sio ujinga. Kazi ya kulikamata ni ya mhariri, na mhariri ana kamusi mezani.

Alafu kuna h. Herufi hii inatembea, inatoka inapotakiwa inaingia isipoitwa. "Kuhairisha" ni kuahirisha, h imehama tu nyumba. "Wahathirika" haina haja ya h ile ya kwanza. Ila baba lao ni pale mkuu wa wilaya "anapowahasa vijana". Kuasa ni kuonya, kupa mawaidha. Kuhasi ni kile wanachofanyiwa mabeberu na madume ya ng'ombe wasizae. Hiyo ikitokea kwenye heding ukurasa wa mbele usisubiri kesho, piga simu chumba cha habari hapohapo.

Kundi jingine ni maneno yanayofanana kiasi kwamba hata mwandishi mzoefu anateleza. Kuwakilisha na kuwasilisha ndo linaloongoza. Mbunge anawakilisha watu wa jimbo lake, waziri anawasilisha bajeti. Ukisoma "waziri amewakilisha bajeti bungeni" piga duara mara mbili. Na majeruhi na majeraha usiyachanganye, majeruhi ni mtu aliyeumia, majeraha ndo vile vidonda vyenyewe, so "amepata majeruhi mguuni" haipo.

Moja nzito kuliko zote halina hata kosa la herufi: "Jambazi akamatwa Muheza." Nani kasema ni jambazi? Aliyekamatwa na polisi ni mtuhumiwa, akifikishwa mahakamani akasomewa mashtaka ni mshtakiwa, na hatia inathibitishwa na mahakama. Katiba yetu ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika ana hatia. Hili weka ukurasa wake kwenye daftari, halikai pamoja na "shuguli".

HATUA YA TATU: FUATA NOMINO MPAKA NUKTA

Makosa ya herufi yanaonekana, ya sarufi yanajificha kwenye sentensi ndefu, na sentensi za magazeti yetu ni ndefu kwelikweli, inaanza Jumatatu inaisha Alhamisi. Njia ninayoitumia: weka kidole kwenye nomino ya kwanza, alafu tafuta kitenzi chake, viambishi vinapatana?

"Idadi ya wagonjwa wa kipindupindu wameongezeka." Kilichoongezeka ni idadi, so imeongezeka. Mwandishi amesahau alianza na nini kwa sababu wagonjwa wamekaa karibu na kitenzi. Kosa hili lipo kila wiki, na ukishalizoea utaliona hata kwenye barua za ofisi. Kinyume chake ni baadhi: "baadhi ya wavuvi wamesema" iko sawa.

"Mkutano huo ambao uliohudhuriwa na madiwani..." Hapa kuna urejeshi mara mbili. Ukisema ambao umeshamaliza kazi, kitenzi kinabaki ulihudhuriwa. Au ondoa ambao, useme uliohudhuriwa. Kimoja tu. Na "ambapo" chunguza kila mara, siku hizi imekuwa gundi ya kuunganishia chochote na chochote, "alifunga mabao mawili ambapo alipongezwa na kocha", ambapo wapi? Ambapo ni ya mahali, na mara nyingine wakati, basi.

"Polisi wamkamata mwizi wa ng'ombe na mkewe." Mke naye kaibwa, au kakamatwa? Hii sarufi yake haina tatizo, mpangilio ndo mbovu. Ingeandikwa "Mwizi wa ng'ombe akamatwa pamoja na mkewe", na ukifuata ile ya katiba hapo juu, mtuhumiwa wa wizi.

Wingi wa kubandika ma- pita nao haraka: masaa 24 ni saa 24, makampuni ni kampuni, na madawa ya kulevya ni dawa za kulevya, hata sheria yenyewe ya mwaka 2015 inaitwa ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na "auwawa" kwenye heding, kitenzi ni ua, kutendwa kwake ni uawa, w moja inatosha. Vilevile chukua, nunua, pokea, hazina w wala y katikati, zile tunazisikia tu tukitamka.

Maneno yaliyoungana na yaliyoachana: kwa hiyo, kwa sababu, kwa ajili ni mbali mbali, ila kwamba, mwanasheria na wananchi ni moja. Ukikuta "wan-anchi" imekatwa mwisho wa mstari usimlaumu mwandishi, hiyo ni programu ya kupangia kurasa imewekwa lugha ya Kiingereza na inakata maneno kwa silabi za kwao. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, ingekata wana-nchi. Programu hiyohiyo inamchorea mhariri mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, lililo sawa na lililokosewa, mpaka anaacha kuitazama ile mistari.

HATUA YA NNE: VYA NYUMBANI KWAKO VIANGALIE WEWE

Hapa msomaji wa mkoani anamzidi mhariri yeyote. Mhariri wa Dar hawezi kujua kila kata ya Tanga, wewe unajua. Mkwakwani, Mabokweni, Pongwe, Mkinga, Kilindi, soma majina yote kwa uangalifu. Chongoleani ndo inaumia zaidi tangu bomba la mafuta liipe umaarufu, inageuzwa Chongeleani na hata Chongoleni. Mtang'ata inapoteza kile kinukta cha juu inakuwa Mtangata, na bila kinukta hiyo ni sauti nyingine kabisa, sawasawa na kuandika ngombe.

Tarakimu nazo ni lugha. Bomba hilo kutoka Hoima, Uganda, lina kilomita 1,443, na upande wa Tanzania ni 1,147. Ukiona gazeti limeandika zote 1,443 ziko Tanzania, hilo ni kosa la kuandikia barua. Jumlisha pia: heding inasema watu 12 wamekufa, ndani wanaume 8 na wanawake 3, mmoja yuko wapi?

Na saa. Habari iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza haraka haraka inakuletea "mechi itaanza saa 4 jioni". Saa 4 ya jioni haipo kwetu, hiyo ni saa 10 jioni, mtafsiri ameichukua namba ya Kizungu kama ilivyo. Shabiki wa Coastal Union akiifuata hiyo atafika uwanjani asubuhi au usiku.

HATUA YA TANO: KAMUSI KABLA YA MDOMO

Sasa mbishane. Ila hapa watu wa Tanga mnisamehe, tuna ugonjwa wetu, tunadhani tunavyosema sisi ndo sanifu. Kiswahili sanifu msingi wake ni Kiunguja, ilikubaliwa Mombasa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya kukisanifu. Kimtang'ata cha pwani yetu ni kitamu, mtu akisema "yuwaja" au "ntakwenda" yuko sahihi kwa lahaja yake, lakini huwezi kuandikia gazeti kulilaumu eti limeandika "anakuja". Sikio letu linafaa kugundua, hukumu waachie kamusi.

Za kutumia ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya iliyokuwa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo toleo la kwanza ni la 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ya 2015. Tazama toleo jipya kama lipo, maneno yanaongezwa. Ukikuta kamusi inakubali sura mbili, ofisa na afisa, takriban na takribani, mtaalamu na mtaalam, liache, hata kama wewe hulipendi. Kinachoweza kulalamikiwa hapo ni gazeti kuandika afisa aya ya kwanza na ofisa aya ya tatu kwa mtu yuleyule.

Kupelekea sijui niiweke wapi. "Mvua zimepelekea mafuriko" inanikera na walimu wengi wa Kiswahili inawakera, kusababisha lipo na halina tatizo. Ila limeshaenea mpaka kwenye hotuba, ukianza vita hiyo utazeeka. Mi nalipiga mstari, silitumi.

HATUA YA SITA: JUA KOSA LIMETOKEA KWA NANI

Kabla hujaandika jina la mwandishi popote elewa stori inavyopita. Mwandishi wa mkoani, wengi ni wa kujitegemea wanalipwa kwa stori, ameandika kwenye simu akiwa kwenye bajaji kutoka kwenye mkutano, akatuma kwa wasap. Dawati Dar limepunguza aya mbili ili iingie kwenye nafasi. Heding sio yake, wanaandika wahariri, so ile "kudhuru Pangani" inawezekana mwandishi aliandika kuzuru vizuri kabisa. Kisha msanifu kurasa kaivuta ikae. Msoma prufu, yule wa kukagua kurasa kabla hazijachapwa, kama bado yupo maana pesa ikipungua mara nyingi huyo ndo wa kwanza kuonekana hana kazi, analetewa kurasa usiku wakati mtambo unasubiri.

Kwa hiyo kurusha picha ya ukurasa ukizungushia jina la mwandishi ni kumwonea. Anaweza kukosa kazi kwa kosa la mtu mwingine, na mhariri mwenyewe asijue.

HATUA YA SABA: ANDIKA UJUMBE UNAOTUMIKA

Chagua makosa matatu, yasizidi. Yale ya hatua ya pili na ya nne kwanza. Ukituma thelathini unaonekana msumbufu na hakuna atakayesoma la nne. Anuani na imeili ya mhariri huwa imechapwa humohumo kwenye gazeti, tafuta lile boksi dogo lenye jina la mchapishaji. Usimwandikie "nyie watu hamjui Kiswahili", mwandikie hivi:

"Ndugu Mhariri, shikamoo. Kwenye toleo la Jumanne, ukurasa wa 5, safu ya pili, habari yenye kichwa Waziri kudhuru Pangani kesho. Neno kudhuru (kuumiza) nadhani lilikusudiwa kuzuru (kutembelea), Kamusi Kuu imeyaweka kama maneno mawili tofauti. Pia aya ya tatu imeandikwa Chongeleani, jina la eneo ni Chongoleani. Naambatanisha picha ya ukurasa. Wako, msomaji wa Tanga."

Ndo yote. Siku, ukurasa, safu, lilivyo, linavyotakiwa, ushahidi. Shikamoo iache iwepo, haigharimu kitu, ila kama unajua ni kijana mdogo kwako andika habari za kazi. Na ujumbe wenyewe msomeshe mtu kwa sauti kabla hujatuma, maana barua ya kulalamikia tahajia yenye kosa la tahajia itabandikwa ukutani ofisini kwao na wana haki.

Lile la mtu kuitwa jambazi kabla ya hukumu lina njia yake. Mwandikie mhariri kwanza uombe masahihisho, akikaa kimya kuna Baraza la Habari Tanzania, lipo tangu 1995 na linapokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari. Usiwapelekee "tafadhari" tu, wana mambo mazito. Kwa swali la lugha tupu, mfano neno jipya ambalo kamusi zote hazina, waulize BAKITA, hiyo ndo kazi yao tangu 1967.

Wanaosema magazeti ni ya Dar sisi wa Tanga yanatuhusu nini, wakumbuke Kiongozi lilikuwa linatoka hapahapa Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani, tangu 1904, na kabla yake wamisionari wa Magila huko Muheza walikuwa na Habari za Mwezi. Gazeti la Kiswahili sio mgeni mji huu wa waja leo waondoka leo.

Ukishatuma, kata ule ukurasa uuweke kwenye daftari na tarehe pembeni. Masahihisho yakitoka mara nyingi ni aya fupi kwenye kona ukurasa wa ndani, so tafuta kwa makini kwa wiki nzima. Wasipojibu subiri, kosa lilelile likirudi tuma tena ukitaja tarehe zote mbili, hapo wanaelewa kuna mtu anahesabu. Na kama kuna mwalimu wa Kiswahili mtaani kwako mpe lile daftari akimaliza muhula arudishe, mifano ya vitabuni watoto wameichoka, hii ya mwizi wa ng'ombe na mkewe wataidai irudiwe.